Maswali Yasiyomjua Mama

Mama alianza kusahau mwaka wa pili tangu tuhamie Maskati kutoka Unguja. Mwanzo alisahau alikoweka miwani, tukacheka. Kisha akawa anasahau kuwa keshaswali, anaswali adhuhuri mara tatu. Khaloo, dada yake mkubwa tuliyekaa naye nyumba moja, alishikilia kuwa ni inda.

"Hataki kuizoea nchi hii, basi. Anajisahaulisha."

Sikukubali. Unguja nilikuwa mwalimu; hapa nilikuwa nawatafsiria wagonjwa katika hospitali moja ya Matrah, jirani na Maskati. Nikamganda daktari mmoja wa kigeni mpaka akanisikiliza. Aliniambia kwao wako wataalamu wanaochunguza kwa hadubini bongo za wazee waliokufa, na wameanza kuamini kuwa usahaulifu wa namna hii ni maradhi, si uzee tu. Akanipa karatasi ya maswali ya kupimia kumbukumbu.

Nikamuuliza mama. Vita Vikuu vya kwanza vilianza mwaka gani? Waziri mkuu ni nani? Karibu yote alikosa.

Lakini sikuridhika. Kesho yake nikamuuliza khaloo maswali yale yale, na akili yake ilikuwa kali kama wembe. Naye akakosa.

"Vita vya nani?" akafoka. "Vinanihusu nini mimi? Niulize mambo nnayoyajua!"

Nikarudi kwa daktari. "Karatasi hii haipimi kumbukumbu ya mama. Inapima kama alisoma shule za kwenu."

"Maswali haya yametungwa na mabingwa, binti. Huwezi kuyabadilisha."

"Basi ntatunga yangu."

Ilinichukua wiki nyingi. Eda ya mjane ni muda gani? Pilau hutiwa nini, kipi kwanza? Nani alikuja kwetu jana? Nikatunga na kisa kifupi cha mwanamke aliyeibiwa samaki na paka mweupe. Msikilizaji hunywa kahawa, kisha hukirudia. Nilianza na wanawake wa mtaani wenye akili timamu. Swali walilolikosa wote nililifuta.

Khaloo alijibu yote, na rangi ya paka akaitaja. Kisha akakaa kusikiliza zamu ya mama.

Eda mama aliijua, miezi minne na siku kumi. Pilau aliipika kwa maneno mpaka tukaona njaa. Lakini mgeni wa jana hakumkumbuka, na mgeni mwenyewe alikuwa kaka yangu, mwanawe wa kumzaa. Nilipomuuliza habari ya paka, akanitazama kwa upole.

"Paka gani, mwanangu?"

Khaloo aliinuka, akaenda kumshika mkono. "Kumbe unaumwa, mdogo wangu. Na mimi kutwa nnakugombeza."

Daktari aliipokea kazi yangu, akanitaka nimfasirie kila swali, kisha akaomba nakala awapelekee wenzake.

"Lakini dawa sina," akasema.

"Nnajua, daktari. Ila sasa najua ninachopambana nacho."

Nyumbani mambo yalibadilika. Mama akiuliza jambo mara kumi, khaloo alimjibu mara kumi, kwa sauti ile ile. Tulimpa mchele achague na vitunguu amenye, kwani mikono yake haikusahau. Aliishi nasi hivyo miaka miwili zaidi. Nami, kila nilipotoka kazini, nilipita nyumba za wazee wa Matrah, daftari la maswali mkononi, nikibisha hodi.