Mlango Aliouhamisha Sentimita

Fundi cherehani huyu watu walimwita Sentimita, na jina lilimkaa. Mteja akija kushonewa suruali, Sentimita alimpima kiuno, akamwambia akae, apumue, asimame, kisha akampima tena. "Mimi sikati nguo ya mtu nisiyempima," alikuwa akisema, utepe unaning'inia shingoni, na maneno hayo aliyatoa hata kwa mtu aliyekuja kushonewa kifungo tu.

Kwa hiyo nyumba yao ya shambani ilipochoka, paa linavuja na ukuta wa upande wa zizi umepasuka, hakutaka kusikia habari ya mtu mwingine kusimamia ukarabati. Mwashi alijenga, lakini mchoro ulikuwa wa Sentimita mwenyewe, aliouchora kwa chaki ya nguo juu ya karatasi ya kukatia mitindo. Familia nzima, yaani yeye, mkewe, binti yao na mama yake mzee, ilihamia kwa dada yake mjini kwa miezi minne. Kila Jumamosi alirudi shambani kumsumbua mwashi, hadi mwashi akazoea kupanda juu ya paa akisikia tu kengele ya baiskeli.

Siku ya kurudi, Sentimita alivimba kichwa mpaka kofia ikambana. Hakuwaacha watu washushe hata magodoro. Aliwapanga mkewe, binti na majirani wawili mlangoni, akawatembeza chumba kwa chumba: sakafu inayong'aa, madirisha mapana, kuta laini zisizo na hata kovu. Lakini fahari yake ilikuwa jikoni. Mlango wa zamani wa kutoka sebuleni alikuwa ameuziba, na mahali pake limesimama kabati la vyombo, limejengewa ukutani kutoka chini hadi darini. Mlango mpya aliuhamishia upande wa pili, karibu na dirisha.

"Sasa jiko lina mwanga," akasema, akalifungua kabati na kulifunga mara kadhaa bila sababu.

Mama yake alikuwa amebaki sebuleni. Macho yalikuwa yamemwishia taratibu kwa miaka mitatu, akabaki anaona vivuli na weupe tu. Hata hivyo, katika nyumba ya zamani hakuna aliyewahi kumshika mkono. Kila asubuhi aliamka, akaweka kiganja ukutani, akafuata ukuta mpaka jikoni, akachochea moto, akabandika chai, akatokea mlango wa nyuma kwenda kukamua ng'ombe wake. Kwa bintiye mjini, yule dada yake Sentimita, aliketishwa kitini akahudumiwa kila kitu, na miezi yote minne aliuliza jambo moja tu: tunarudi lini?

Sasa akanyoosha kiganja, akahesabu hatua zake, akaingia moja kwa moja kwenye kabati. Vikombe vikalia.

"Pole, mama. Mlango uko huku sasa, kwenye mwanga," Sentimita akasema. Binti akamtazama baba yake. Baba akajitia hamnazo.

Kesho yake mama aligonga kabati tena. Siku iliyofuata akaumia bega, akakaa. Chai akaletewa. Maji ya kunawa akaletewa. Ng'ombe akakamuliwa na mkwe. Sentimita, ambaye hakuwahi kushindwa na kitu chenye vipimo, akajikaza kisabuni. Alichukua mpira ule wa kutia kiunoni mwa sketi, akaupigilia misumari ukutani kutoka chumba cha mama mpaka jikoni, na kila baada ya hatua moja akashonea kifungo: vidogo vidogo njiani, kikubwa cha koti kwenye kona. Alijiona mvumbuzi. Akasimama upande wa jikoni, akamwita mama ajaribu, akangoja kupongezwa.

Mama aliushika mpira, akauvuta kidogo ili ajiegemeze. Msumari wa kwanza ukang'oka, wa pili ukafuata, kisha mama akaachia, na mpira mzima ukarudi kwa kasi na kifungo cha koti kikamchapa mvumbuzi puani. Mkewe alikimbilia uani kucheka.

"Kamba hii umenifungia mimi au ndama?" mama akauliza. Naye alicheka sana, na kicheko hicho kikampa mwanawe matumaini. Alipomaliza akatafuta kiti chake, akakaa, akasema kwa upole, "Mwanangu, nyumba ni nzuri. Kila anayeingia anasema. Kesho nipeleke kwa dada yako."

"Kwani hapa umekosa nini, mama?"

"Sijakosa kitu, naletewa. Na kule nilikuwa naletewa. Kama ni kuwa mgeni, bora niwe mgeni kwenye nyumba ya watu."

Sentimita akaanza kueleza habari ya mwanga. Alipofika katikati akasikia anachokisema, na anayemwambia ni nani.

"Wateja wako unawapima, hata wa kifungo," mama akasema. "Mimi ulinipima lini?"

Katika ukarabati ule Sentimita alikuwa amempima hata ng'ombe, ili ajue upana wa mlango wa zizi. Watu wote aliwaambia kwamba nyumba anaitengeneza ili mama azeekee pazuri. Ukweli ni kwamba aliitengeneza ili watu waseme. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa, kwa sababu mama yake hakuwa mtu wa kutishia. Akisema kesho, ni kesho.

Akavua utepe shingoni. "Simama, mama," akasema. "Nenda jikoni kwa njia yako ya zamani. Usinijali."

Akamfuata nyuma, akipima hatua yake, urefu wa bega lake, mahali kiganja kinapogusa ukuta. Alimrudisha mara tatu, na mara ya tatu mama akaanza kulalamika kama wateja wote. Kiganja kilipoishia, Sentimita akachora msalaba wa chaki katikati ya mlango wa kabati lake. Kisha akamwita mwashi.

"Nilikuambia uuache huo mlango," mwashi akasema.

"Uliniambia."

"Ukanijibu nini?"

"Nilikujibu ushike mwiko wako."

"Basi leo shika nyundo wewe." Akamkabidhi, akavuta kiti.

Majirani wale wale wawili waliotembezwa walirudi kutazama. Sentimita alipiga nyundo jioni nzima, mikono ya cherehani ikatoka malengelenge, na kabati lililotia fora likabaki nusu, kama suruali ya mguu mmoja. Mwashi akasawazisha kingo, vifusi vikazolewa, sakafu ikafagiliwa. Mkewe akaenda kumwambia mama.

Mama alitoka chumbani, kiganja ukutani. Alipita uwazi ule bila kupunguza mwendo, akaingia jikoni, wakasikia vifuniko vya sufuria vikifunuliwa kimoja kimoja.

"Nani aliyeweka chumvi huku juu kama dawa ya panya?"

Wote wakamgeukia Sentimita.

"Ni mimi, mama."

"Ishushe. Halafu utoke jikoni kwangu."

Akaishusha, akatoka upesi, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, na maishani mwake hakuwahi kufukuzwa mahali akafurahi vile.