Bibi Kimbunga Ahamia Mezani

Makerita anaendesha basi la kutoka Cannons Creek kwenda stesheni ya Porirua, mwaka wa kumi na tisa sasa, na hajawahi kumwacha mtu anayelikimbilia basi lake. Mimi ningemwacha. Ndiyo maana yeye ni dereva na mimi nimewekwa ghalani kupanga mbao.

Tumejuana tangu utotoni, yeye, mimi na kaka yake Iosefo, kwenye duka la Mama Leung la samaki na chipsi. Karibu na friji ya soda ilisimama mashine ya mchezo wa ngumi wa kwenye skrini, nasi tuliizingira kila Ijumaa. Ukitaka kucheza, uliweka senti ishirini yako juu ya kioo, na hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yako kwenye foleni. Aliyeshinda alibaki pale pale, upande wa kushoto, na aliyeshindwa alirudi nyuma kunusa siki. Iosefo hakurudi nyuma ng'o. Mpiganaji aliyemchagua mle mashineni ni Bibi Kimbunga, kikongwe mwenye mwavuli ambaye sisi wengine hatukumchagua hata siku moja, kwa sababu alitembea taratibu mno. Iosefo alimrudisha Bibi nyuma, akasubiri, akasubiri, halafu ghafla mwavuli ukafunguka na mtu yuko chini. Mama Leung mwenyewe aliunguza chipsi akimtazama. Mimi sioni aibu kusema kwamba ningetoa chochote nilicho nacho nipate Ijumaa moja tu ya siku zile.

Siku hizi pale wanauza simu. Mashine ilikwenda wapi, hakuna ajuaye.

Mwaka juzi Iosefo alipata kiharusi. Upande wote wa kulia ukalala. Maneno yalirudi, mguu ukarudi nusu, mkono haukurudi. Mtu aliyekuwa akiongoza kwaya kanisani akajifungia chumbani nyumbani kwa dada yake, na ukienda kumjulia hali anakujibu mwenyewe kupitia mlangoni, "Nimelala, Tipene. Nenda zako."

Sasa, Jumamosi mchana huwa tunacheza mchezo wa mezani kwa Makerita. Kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi, nguvu zake zimeandikwa kwa namba. Msimamizi anasimulia mko wapi na mmekutana na nani, na dadu ndiyo inayoamua kama pigo lako limempata adui. Msimamizi wetu ni Makerita. Mchezo huo unatosheka na mkono mmoja, tena wowote. Basi akapata wazo la kumtoa Bibi Kimbunga kwenye mashine na kumleta mezani.

"Akikaa nasi siku moja tu, nitakuwa nimempata," aliniambia nilipopanda basi lake asubuhi moja. "Lakini akisoma ile karatasi akaona huyu si bibi yake, atafunga mlango na hatafungua tena. Namjua kaka yangu."

Kazi ile ilimchukua miezi miwili. Aliandika akila, aliandika wakati wa mapumziko, nyuma ya ratiba za basi. Kwenye mashine kila kitu ni kasi ya vidole; mezani mtu anangoja zamu yake. Utaiandikaje ile subira ya Iosefo? Mwishowe aliamua hivi: Bibi akipitisha zamu nzima bila kupiga, zamu inayofuata atarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Nikamwambia anampendelea.

"Wewe alikupiga mara ngapi?"

Makerita hakuuliza mtu wala hakutafuta popote. Aliandika yote kwa kumbukumbu, jinsi alivyomwona kaka yake akicheza, maana miaka yote ile alisimama nyuma ya bega lake.

Alimwekea karatasi kwenye sinia, kando ya chai na panikeke za moto, yale maandazi yetu ya mviringo, akaliacha mlangoni pake. Jumamosi saa nane mchana mlango ukafunguka. Iosefo alikuwa amevaa shati la kanisani, anaburuta mguu, karatasi ameibana kwapani.

"Mnatazama nini? Hamjaona mtu akitembea?"

"Kutembea tumekuona," nikasema. "Hiki unachofanya hatujui kinaitwaje."

"Na wewe umenenepa, Tipene. Hicho kiti kinaomba msaada."

Makerita alikwenda jikoni kwa haraka kuchukua kitu ambacho hakukihitaji. Niliona anajipangusa macho.

Mwenzetu wa tatu ni Prakash, mfamasia, aliyekulia Suva, ambako nao walikuwa na mashine kama ile. Akaichukua karatasi, akaisoma hadi chini.

"Nzuri kweli, dada. Ila teke lake liko wapi?"

"Teke gani?"

"La Bibi Kimbunga! Anashika gauni, anazunguka, pwaa! Ndilo pigo lake kubwa kuliko yote."

Makerita aling'amua kabla yetu. Kwenye mashine ya Mama Leung, upande ule wa kushoto, kitufe cha mwisho kilikuwa kimezama ndani tangu tulipoiona mara ya kwanza, na watu wazima walizimia sigara pale. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujua kwa Bibi kilikuwa cha nini.

"Kaka, nisamehe," akasema. "Nimemwandika kilema."

Neno lilishamtoka. Akaziba mdomo. Nilitamani kummwagia Prakash bakuli zima la sapasui, zile tambi za nyama zilizokuwa mezani, yeye na teke lake.

Iosefo aliivuta karatasi, akayapitia mapigo yote kwa kidole.

"Miaka yote ile alikuwa nalo?"

"Siku zote," Prakash akajibu kwa sauti ndogo.

"Na nikawapiga wote bila hilo." Akaanza kucheka. Alicheka hadi mabega yakatikisika na machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea hata kicheko kilipokwisha. Makerita akashika penseli.

"Naliongeza sasa hivi, kaka."

"Lete hapa."

Akaichukua kwa mkono wa kushoto. Penseli ikamponyoka, akaiokota. Mimi ambaye sina subira hata ya foleni ya mkate niliikalia mikono yangu, na hakuna aliyenyoosha mkono kumsaidia. Ikamchukua karibu robo saa. Herufi zilikuwa kubwa na zimepinda, lakini zilisomeka: TEKE. Akapumua, akaishika penseli upya, na chini yake akaandika: MGUU WA KULIA.