Mkaa na Majani ya Viazi

Jirani yangu hapa Namuwongo hulisha sungura majani ya viazi. Wakiyatafuna, harufu ile mbichi hunirudishia ubao wa darasa letu, uliopauka hata maandishi ya chaki yakawa hayasomeki.

Walimu wa shule yetu ya serikali walikuwa wamegoma. Walifika kila asubuhi, wakaketi barazani, hawakufundisha. Siku moja mwalimu wetu aliinuka, akaingia darasani, akatwanga mkaa na majani ya viazi, akaupaka ubao kwa mikono mpaka ukawa mweusi tii.

Mwalimu mwenzake akachungulia dirishani.

"Nyabo, mama, si tulikubaliana hakuna kushika chaki?"

"Chaki sijashika, sebo," alimjibu bwana huyo. "Nimeshika mkaa."

Yule bwana hakuondoka. Mwalimu akalisukuma boksi la chaki kwa mguu hadi tulipokaa, kisha akaketi kwenye dawati la nyuma.

"Haya, nani ananiandikia hesabu ya kwanza?"

Tuliandika sisi mpaka kengele ya chakula. Tukikosea, alitikisa kichwa tu.

Mgomo uliishaje, sikumbuki. Nakumbuka mikono yake, myeusi hadi viwikoni, bila hata chembe nyeupe.