Mkono wa Velika na Sekunde ya Mwisho

Nianze na hasira yangu, maana bado sijaimaliza. Watu wananiambia, "Donka, acha, yamekwisha." Hayajaisha. Mtu akikupokonya kitu mchana kweupe, kisha akakwambia sheria inamruhusu, jambo hilo haliishi kwa kikombe cha chai.

Velika Chausheva ni jirani yangu. Ana miaka sabini na kitu, mfupi, mkavu, ana kondoo thelathini na ulimi usiolala. Kijiji chetu cha Kozidol siku hizi kina mapaa mengi kuliko moshi, na kama si kondoo wake kupita asubuhi mbele ya duka langu, kuna siku nisingesikia sauti ya kiumbe mpaka gari la mkate lifike.

Baba yake alikuwa na kengele kumi na moja za kondoo, zote za fundi mmoja, kila moja na sauti yake, na zote zikisikilizana. Kwetu milimani kengele si pambo. Ukungu ukishuka huoni hata kidole chako, na mchungaji anajua kwa masikio nani yuko wapi, nani anakula na nani amekimbia. Velika alipokuwa mtoto wa miaka minane, serikali ya wakati ule ilikusanya kondoo wa watu na kuwatia katika shamba la ushirika. Waliondoka na kengele zao shingoni. Kondoo walichinjwa, kengele zikatawanyika milima yote ya Rodopi. Baba mtu hakulia. Alikaa akikamua mbuzi wake mmoja aliyebaki, akiguna zile sauti moja baada ya nyingine, na binti yake akazishika zote.

Ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Wengine walijenga nyumba, wengine walikwenda Ujerumani. Velika alitafuta kengele. Aliingia magulioni, alipanda dari za mabanda ya watu, aligonga kwa kifundo cha kidole na kuinamisha kichwa. Siku aliyozikwa mumewe alipata ya saba, kwenye banda la mchimba kaburi. Hakuzitundika ukutani. Alizivika kondoo wake, kwa sababu kengele isiyotembea, anasema, ni sufuria.

Alipata kumi. Iliyobaki ilikuwa kubwa kuliko zote, ile ya kondoo dume anayetangulia, yenye sauti nzito. Na kwa kuwa haikuwepo, Velika alilijaza pengo mwenyewe. Alitembea nyuma ya kundi akiguna ile sauti moja, chini kabisa kooni, kutoka zizini mpaka malishoni. Watu walimtania kwamba yeye ndiye kondoo wa kumi na moja. Aliwajibu kwamba heri kondoo anayejua wimbo kuliko binadamu anayejua porojo.

Basi majira ya baridi yaliyopita nikaiona mimi. Nina kompyuta dukani, kati ya mikate na sabuni, na humo kuna mnada wa wakusanyaji wa vitu vya kale: sarafu, beji, saa za mfukoni, kengele. Mtu wa Haskovo aliweka picha ya kengele kubwa ya shaba. Nikamwita Velika. Akaitazama kama anayeonyeshwa picha ya supu wakati ana njaa.

"Mwandikie aigonge," akasema.

"Nimwandikie nini?"

"Aigonge! Kengele ni ya kusikia. Wewe ulimkubali mumeo kwa picha?"

"Ningeona picha tu, Mama Velika, ningemkataa."

Mwuzaji aliigonga, akairekodi, akaiweka sauti palepale kwenye ukurasa wa mnada, watu wote wasikie. Kompyuta yangu ina vispika vya ovyo. Hata hivyo ilipolia mara moja tu, Velika aliketi juu ya gunia la sukari, akavuta ncha ya kitambaa chake mdomoni.

"Ni yeye," akasema. "Ni yeye huyo, Donka. Weka leva mia nne. Na andika jina langu lote."

Hapo ndipo tulipogombana. Katika mnada ule hakuna mtu anayeandika jina lake. Wote wana majina ya bandia, na wote wanavizia. Wanakaa kimya wiki nzima kana kwamba hawaitaki bidhaa, kisha zikibaki sekunde mbili tatu wanatupa dau lao, na wewe hata kidole hujakiinua, mnada umefungwa. Nilimweleza yote hayo. Nikamwambia na sisi tungoje mpaka mwisho.

"Simba mwenda pole ndiye mla nyama," nikamwambia.

"Mimi ni mchungaji," akanijibu. "Umeona wapi mchungaji anamsifu simba kwa kwenda pole?"

Mtu asiye wa kwetu atasema ni ujinga wa mzee. Si ujinga. Kwenye gulio letu la mifugo, mnunuzi humshika mwuzaji mkono, na bei inazungumzwa mikono ikiwa imeshikana. Mtu wa tatu hafungui kinywa, hata awe na gunia la fedha, mpaka mikono iachane. Na anayeuvuta mkono wake bila kusema ndiyo wala hapana, huyo hafanyi biashara tena bonde hili. Velika amekulia hapo. Kwake kutaja bei na jina mbele ya watu ndiko kununua. Kujificha kichakani mpaka wengine wachoke ni kazi ya mbweha kwenye banda la kuku.

Nikaweka mia nne. Nikaandika: Velika Chausheva, Kozidol. Wiki nzima hakuna aliyeongeza.

Mnada ulikuwa ufungwe Jumapili baada ya ibada. Alikuja na kitambaa chake cha kanisani, akaleta na jibini, tule tukishangilia. Tukatazama skrini. Ilikuwa mia nne, mia nne, mia nne. Halafu ikawa mia nne na kumi, jina Tai71, na chini yake maandishi mekundu.

"Imeandikwaje?" akauliza.

"Mnada umefungwa."

"Fungua."

"Haufunguki, Mama Velika."

"Huyo kasema lini? Mbona sikumsikia?"

"Kasema mwishoni kabisa."

"Basi na mimi niseme. Nina kondoo, nitauza. Andika."

"Umefungwa."

"Nani kafunga? Mimi bado nipo hapa!"

Alilisema hilo huku akiigonga meza yangu kwa kiganja. Alikuwa hapo, ameketi, na bei aliijua, na jina lake lilikuwa wazi. Ni nani aliyefunga?

Jibini tulikula kila mtu kwake.

Majira ya kuchipua yakaja. Asubuhi moja Velika alikuwa akipitisha kundi barabara ya chini, chini ya nyumba ya wageni ya Gergin Kehayov, akasikia mlio kutoka juu. Alisimama katikati ya barabara na kondoo wake wote, magari yakipiga honi mbele na nyuma. Ulilia tena. Gergin alikuwa ameifunga kengele ile mlangoni kwa kamba, anaigonga kuwaita wageni wa Sofia waje kunywa supu.

Gergin! Mtoto wa hapahapa! Velika alimpelekea mtindi wanawe walipougua. Hakika kikulacho ki nguoni mwako. Ana kengele themanini ukutani mwa ukumbi wake, na zote amezifunga ndimi kwa waya zisiwasumbue wageni. Hata mnyama hafungwi ulimi.

Alipokuja dukani kununua sigara nilimuuliza waziwazi.

"Wewe ndiye Tai71?"

Akacheka. Hakuona haya hata kidogo. "Umejuaje, Donka?"

"Jina la Velika lilikuwa pale. Uliliona?"

"Sasa je! Ndiyo maana nikajua kengele ni ya kweli. Bibi yule ana masikio ya ajabu. Mimi nitamlipa mtaalamu wa nini? Nangoja wajuzi kama yeye waweke dau, najua kitu ni kizuri, nakaa kimya, sekunde ya mwisho nachukua. Nimepata nne kwa njia hiyo."

"Nne!"

"Mnada ni mnada. Akili ni mali."

"Mwuzie basi hiyo moja. Ni ya baba yake."

"Kwa kuwa ni yeye, elfu moja na mia mbili." Akanyoosha mkono. "Haya, nipe sigara."

"Nimefunga."

"Umefunga vipi? Mlango u wazi, mkate huo hapo!"

"Nimefunga sasa hivi, Gergin. Umechelewa sekunde moja."

Nilijua namkosea adabu mteja, na nilifurahi. Lakini kufurahi kwangu hakukuirudisha kengele. Nilikwenda kwa Velika nikamweleza kila neno, hadi zile nne, hadi ile elfu na mia mbili. Nilitarajia moto. Akaendelea kukata kwato za kondoo wake, kisha akauliza tu:

"Siku ya Mtakatifu Georgi, Gergin atasimama mlangoni?"

Gergin ni jina linalotokana na Georgi, kwa hiyo siku hiyo ni yake, na kwetu siku ya jina la mtu hakuna anayealikwa. Mlango unaachwa wazi, anayetaka anakuja, na mwenye jina anasimama kizingitini akimpa kila mtu mkono. Bila shaka atasimama, nikasema.

"Vizuri," akasema Velika, akashika kwato nyingine.

Siku ikafika. Nyumba ya Gergin ilijaa kijiji na wageni wa mjini, wanakondoo wawili wametoka tanurini, rakia, pombe yetu kali, mezani. Velika akaja na kitambaa cha kanisani. Mimi nilikuwa nyuma yake, sikujua analolitaka. Gergin alipomwona alisita kidogo, halafu akafanya kama mwenyeji yeyote, akanyoosha mkono.

"Jina lako liishi miaka mingi, mwanangu," Velika akasema, akaushika. "Mia nne."

"Mama Velika, karibu ndani, kuna…"

"Mia nne, kwa kengele hiyo iliyo juu ya kichwa chako."

Wazee wote waliutazama mkono, maana wote waliona ulivyoshikwa: kidole gumba juu, kama gulioni. Gergin naye aliona. Alijaribu kucheka.

"Leo ni sikukuu, mama. Biashara kesho."

"Mimi sina haraka. Mia nne."

"Elfu moja."

"Mia nne. Jina langu uliliona likiwa limeandikwa, hukuliona?"

"Mama, watu wanasubiri kula. Mia nane."

"Wasubiri. Nami nilisubiri tangu baba yangu afe. Mia nne."

Kijana mmoja wa Sofia mwenye miwani akaona ni mchezo, akapaza sauti kutoka mezani, "Mimi natoa mia tisa!"

"Kaa chini, kijana," akasema mzee Radoy, ambaye ndiye anayemwuzia Gergin wanakondoo. Hakupaza sauti. "Mikono bado imeshikana." Kisha akamgeukia Gergin. "Na wanakondoo wa leo ulinunua kwangu kwa mkono huohuo. Nilikuwa na bei nzuri kuliko yako, ikaja baadaye, nikaikataa. Mjibu mama."

Gergin alitokwa jasho. Angeweza kusema hapana. Hakuna sheria inayomkataza. Ila alipaswa kuisema kwa sauti, mchana, uso kwa uso na mwanamke aliyewapa wanawe mtindi, mbele ya watu wote anaonunua kwao nyama na maziwa. Kwenye kompyuta haikuwa hivyo. Aliitazama saa ya ukutani, sijui kwa nini, labda kwa mazoea.

"Usiitazame hiyo," Velika akamwambia. "Mkono wangu hauna sekunde ya mwisho. Tutalala hapa ukitaka."

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili. Mke wa Gergin, aliyekuwa ameshika sinia, akasema kwa hasira, "We Gergin, sema tu ndiyo, nyama inapoa!"

"Haya," akasema. "Mia nne. Haya!"

Velika akauachia mkono, akatoa pesa kwenye kitambaa. Gergin akapanda kiti, akaifungua kamba.

"Mimi nilitoa mia nne na kumi," akanung'unika. "Nimepata hasara."

"Ile kumi," akasema Velika, "ni ada ya shule."

Hakukaa kula. Aliichukua kengele kwa mikono miwili, akaenda zake. Mimi nilibaki, na nikala nyama ya Gergin kwa hasira, nikaongeza sahani. Tatu alizobaki nazo bado ziko ukutani pake, ndimi zimefungwa waya, na kila nikizikumbuka damu inachemka upya. Sigara anakwenda kununua kijiji cha jirani.

Kesho yake nilikuwa nikifungua duka, nikawasikia wakija. Dume la mbele lilikuwa na ile kubwa shingoni, na kengele kumi nyingine zikimfuata. Nyuma yao akatokea Velika na fimbo yake. Nikangoja nisikie mguno wake, kwa mazoea ya miaka yote hiyo. Alipita mbele yangu, akaniinamishia kichwa, mdomo ameufunga.