Kichwa cha Plasta cha Jirani Yetu

Juzi nilimpeleka mwanangu kliniki Oud Metha, huku Uarabuni, nikapita makusudi mtaa tuliokaa miaka ya elfu mbili mwanzoni. Jengo letu halipo tena. Lakini niamini, rafiki yangu, niliisikia puani ile korido: upande mmoja vitumbua vya bibi yangu, upande wa pili udongo mbichi.

Udongo ulikuwa wa jirani, mama mmoja wa Kiaustralia, mwalimu mstaafu wa sanaa. Nikitoka skuli nilikwenda kwake kufinyanga. Juu ya kabati lake kilikaa kichwa cha kijana, cha plasta, kazi ya shangazi wa baba yake. Huyo shangazi, alinihadithia, alizaliwa kwenye shamba la kondoo, akaanza kwa udongo wa mtoni, kisha akapanda meli hadi London, akawa msaidizi wa mchongaji mwenye jina kubwa. Baada ya vita vya kwanza kila mji ulitaka sanamu ya askari wake. Yeye alizitengeneza, bwana mkubwa akatia jina lake. Alikufa hajulikani. Kichwa hiki tu, cha mdogo wake aliyeuawa vitani, ndicho kilichobaki na jina lake, alilolichora chini ya shingo.

Bibi yangu hakukipenda hata kidogo. "Kinanitazama kile. Iko siku nitakitia pipani." Na ufunguo wa jirani alikuwa nao, wa kuingilia kumwagilia maua.

Siku moja, mimi na bibi tukiwa kwa jirani, akaja bwana mwenye suti, akasema ananunua kazi za yule mchongaji mkubwa. Jirani alipokwenda kutia chai nilimfuata kubeba vikombe. Bibi akabaki sebuleni na mgeni. Jirani na yule bwana wakaagana kwamba kesho yake arudi kukichukua akakichunguze.

Kesho yake, narudi skuli, jirani kasimama mlangoni kwetu, uso umemwiva.

"Muulize bibi yako kiko wapi. Mwenye ufunguo ni yeye peke yake."

Sikutafsiri. Nilikwenda moja kwa moja chumbani kwa bibi, nikachungulia uvunguni mwa kitanda. Kilikuwamo, kimezongwa kanga. Bibi yangu, mwizi!

"Mwambie," bibi akasema nyuma yangu, "yule bwana jana alikuwa akilikwangua jina kwa kijisu. Nilipokohoa akakitia kijisu mfukoni. Kiingereza sina, mjukuu wangu. Nakungoja wewe tangu asubuhi."

Jirani alikipindua kichwa. Herufi mbili za mwanzo zilikwisha kwanguliwa; bila jina, kingeuzwa kuwa kazi ya yule mchongaji mkubwa. Akakaa kitako sakafuni, akaushika mkono wa bibi, akalia. Bwana yule alipogonga kengele kwa jirani, bibi ndiye aliyemfungulia. "Khalas. Yalla," akamwambia kwa Kiarabu cha sokoni, yaani basi, nenda zako, akafunga mlango.

Jirani alirudi kwao na kichwa chake. Bibi ametangulia mbele ya haki. Watu wa namna ile, walioingiliana majumbani bila kujuana lugha, siwaoni tena kwenye maghorofa ya siku hizi. Jirani alimwomba bibi radhi siku ile ile. Mimi nilimtafsiria neno kwa neno. Radhi yangu mimi, kwa kumdhani mwizi, sikuiomba.