Mpunga wa Chimala kwenye Slaidi ya Sita

Mwalimu mkuu alinipa kazi ile wakati wa chai ya saa nne, mbele ya walimu wenzangu, kwa hiyo sikupata nafasi ya kukataa. Shule yetu ya msingi pale Iyunga, Mbeya, ilikuwa imepata projekta na kompyuta moja. Alitaka niandae kipindi cha darasa la tano, somo ambalo wakati huo bado tuliliita Maarifa ya Jamii, chenye slaidi na picha za mtandaoni. Shule moja ya Ipogolo, kule Iringa, ingekifundisha siku hiyohiyo. Mwalimu wa somo kule nilisoma naye chuo.

"Nyie mnafahamiana," mwalimu mkuu alisema. "Mtaelewana tu."

Ukweli ni kwamba kompyuta niliijua kwa kuchapa mitihani, basi. Andalio la somo nililiandika kwa mkono kwanza, kama nilivyozoea: mada, mto Ruaha na watu wanaoutegemea. Kisha nikahangaika wiki nzima na slaidi. Herufi zilikataa kukaa mahali pake, picha zilivutika mpaka watu wakawa wanene. Siku nilipomaliza slaidi kumi na mbili nilijiona nimefika.

Meza iliyopakana na yangu alikaa mwalimu mama mmoja, Msangu wa Chimala, wilaya jirani, aliyebakiza miezi michache kustaafu. Kompyuta hakuwahi kuigusa. Nilimwita aone kazi yangu, nadhani nikitaka sifa. Akavaa miwani, akaangalia moja baada ya nyingine. Kwenye slaidi ya sita akanyoosha kidole.

"Hapa ni wapi, mwanangu?"

"Chimala, mama. Mashamba ya mpunga."

"Chimala yangu haina mashamba yaliyopanda mlima kama ngazi. Na hawa watu wana kofia gani?"

Nikaangalia vizuri. Nilikuwa nimeandika "mpunga" kwenye mtandao, nikachukua picha ya kwanza iliyopendeza. Ilikuwa ya nchi nyingine kabisa, mbali huko Asia. Aibu niliyoipata sijaisahau. Nilikuwa tayari kuwaonyesha watoto wa Mbeya wilaya jirani ambayo haikuwepo.

Hakunicheka. Alivua miwani akasema, "Jumamosi una kazi? Mdogo wangu analima kule. Twende."

Tulienda. Mdogo wake alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mfereji. Tuliposalimiana tu aliniambia, "Vua viatu, mwalimu. Picha ya mpunga haipigwi barabarani." Nikakunja sketi, nikaingia kwenye jaruba, tope likanifika magotini. Nilipiga picha za miche, za tuta, za mikono yake. Yeye alikuwa akieleza huku akipandikiza.

"Hii maji inakuja kwa zamu," alisema. "Leo yangu, kesho ya jirani. Ukifungulia siku isiyo yako, mtagombana mpaka kanisani."

"Na baada ya hapa yanakwenda wapi?" nikauliza.

Alisimama, akanyoosha mgongo. "Huko chini, kwa watu wengine. Na wao wanayasubiri, si ndiyo?"

Maneno yale yalinifanya nifumue somo lote. Slaidi za kuorodhesha mazao nikazifuta. Nikaanza upya na swali moja: maji haya yanatoka wapi, na nani anayasubiri? Kwa furaha nikaongeza ramani, nikaandika kwamba maji yakitoka Chimala yanapita Ipogolo, kwa wenzetu. Nikamtumia rafiki yangu wa chuo. Akanipigia kabla sijaweka simu mezani.

"Shoga, asante, lakini mto unaopita hapa kwetu ni Ruaha Mdogo. Unatoka Mufindi. Wanangu wataniuliza hilo dakika ya kwanza."

Mara ya pili! Ila safari hii nilicheka, na yeye akacheka. Akaahidi kuwapeleka wanafunzi wake mtoni na simu yake. Siku mbili baadaye zikaja picha: daraja, wanawake wanafua, bustani za mboga ukingoni. Tukatengeneza ramani mpya yenye mito miwili, Ruaha Mkuu na Ruaha Mdogo, na mahali inapokutana huko mbele.

Siku ya kipindi nilimwomba yule mama afundishe sehemu ya mpunga. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akasimama, akaweka kidole kwenye kitufe kama mtu anayegusa chungu cha moto, na shamba la mdogo wake likajaa ukutani. Watoto wakapiga makofi. Alieleza habari ya zamu za maji kwa dakika kumi bila karatasi, mbele ya darasa la watoto zaidi ya sitini. Mimi nilikaa nyuma, kwenye dawati la mwisho, machozi yananilenga.

Kule Ipogolo mtoto mmoja aliuliza: mito ikikutana, zamu inapangwa na nani? Rafiki yangu alinitumia swali hilo. Hatukuwa na jibu, tukawaambia watoto hivyo, na tukawapa kazi ya kwenda kuuliza nyumbani.

Watu watatu walinisahihisha kwa somo moja, na hakuna aliyenidharau. Mwalimu hapati bahati hiyo mara nyingi. Baada ya kipindi nilikwenda mezani kwa yule mama kumshukuru. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yakatoka mawili tu.

"Asante, mama."

"Haya," alisema, akivuta kiti karibu na kompyuta. "Sasa nionyeshe inavyowashwa. Wiki ijayo nina kipindi cha hali ya hewa."