Mwenye Kazi Asiyetaka Uage

Nakumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, nimetoka Kizimbani kuchuma karafuu, nikaingia mjini kwa shangazi yangu, Bi Mwanaidi, ati nimepita kumsalimia tu. Uongo. Nilikuwa nasafiri. Bwana mmoja wa miwani ya jua aliniahidi kazi ya dukani Arabuni, na sharti lake lilikuwa moja: usimwambie mtu, mahasidi ni wengi. Nikaona kasema kweli. Sisi watu wa Unguja, mwanangu, kijicho tunakiogopa kuliko papa. Mtu anajenga nyumba, jirani anaambiwa ni banda la kuku.

Tumbo ndilo lililonifichua, maana lilinikalisha jikoni. Shangazi alikuwa anachoma vitumbua, na vitumbua vyake, Mungu amrehemu, vilikuwa laini mpaka... aa, hayo si ya leo.

Akanitazama. "Mbona umevaa mashati mawili? Kizimbani kumeanguka barafu?"

"Nnasikia baridi, shangazi."

"Baridi, na jasho linakutiririka! Unakwenda wapi?"

Nikasema yote, na kwamba nimeficha kwa sababu ya mahasidi. Akaweka upawa chini. "Hasidi wako ni mimi? Mimi niliyekufuta makamasi? Mwambie huyo bwana wako aje baada ya alasiri, anywe chai, aniambie anakupeleka nyumba ya nani. Kisha nikupe radhi, uende."

Nikamfikishia. Bwana akacheka, akasema atakuja. Alasiri ikapita, magharibi ikaingia, chai ikapoa. Hakuja. Aliondoka na Makame, rafiki yangu niliyekuwa nikichuma naye, ambaye kwao alisema anakwenda shamba tu. Mimi nikanuna, nikiona shangazi kanikatia riziki.

Makame hakurudi. Mama yake alizeeka akiniuliza mimi. Kifo kina hitima yake, watu wanalia, wanakula, wanatawanyika. Yeye hakujua amwombee mwanawe kama aliye hai au amrehemu kama maiti. Akafa hajui.

Sasa sikia kwa nini nayakumbuka haya. Mjukuu wangu Haroub anafanya kazi hoteli huko Kiwengwa, Kiingereza na Kitaliano anavinywa kama maji. Leo kanipitia na begi.

"Shikamoo, babu. Nnakwenda Chwaka kumtazama mamdogo."

"Marahaba. Chwaka, kwenye mchanga, na soksi?"

Akacheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Kumbe kapata kazi ng'ambo, kwa simu. Kampuni ya kamari, hii inayochezwa mtandaoni. Yeye atakaa mbele ya kompyuta awajibu wachezaji. Malazi bure, chakula bure, tiketi washakata. Mimi skuli niliiacha kabla haijanijua jina, lakini kamari ni haramu hata ikivaa suti, nikamwambia.

"Babu, mimi sichezi. Nnajibu maswali tu."

Haya. Ila kilichonikausha mate ni kingine. "Mama yako anajua?"

"Wamesema nisitangaze mpaka nifike. Hasadi, babu."

Neno lile lile, mwanangu! Bwana wa miwani nadhani keshaoza kaburini, na neno lake bado linatembea.

Nikasema mpigie huyo wakala aliyekupa kazi, nami nisikie. Sauti ya kiume, Kiswahili safi, asali tupu. Nikamwuliza: "Mjukuu wangu unampeleka mji gani? Nyumba ya nani? Pasi yake ya kusafiria atashika nani?" Akamwuliza Haroub, si mimi: "Uko na nani hapo?" Akakata. Punde ujumbe ukaingia: kesho aje uwanja wa ndege peke yake, au nafasi apewe mwengine.

Hajaamua. Yuko chumba cha pili, begi liko nyuma ya mlango, na kila bawaba ikilia natupa jicho. Siwezi kumfunga kamba, ni mtu mzima. Nimemwita mama yake, yuko njiani.

Basi mwanangu, nawe unayenisikiliza, safari si dhambi, na riziki haina mpaka. Lakini anayekutaka uhofie kijicho cha mama yako, huyo ndiye wa kuhofiwa. Jirani mfiche ukitaka, aliyekulea muage. Mwenye kazi na aje, hata kwa simu, ajibu mbele ya wazee wako. Ukienda, acha nyuma jina la mji na la mtaa, na mtu wa kwenu atakayekuona huko kwa macho yake. Pasi yako isitoke mfukoni mwako. Na usipojibiwa, iache chai ipoe, utakunywa nyingine.

Mungu akuepushe na mlango unaofunguka kwa kuingia tu, na akikupeleka mbali akurudishe ukiwa unatazamika usoni.

Na wewe Haroub, najua unanisikia humo ndani. Mama yako akipiga hodi, mfungulie wewe. Mtazame, umwambie unakwenda wapi na kwa nani. Ukiweza kuyasema hayo mpaka mwisho, radhi yangu unayo.